Uzoefu wangu na Orbiter: kuifuata Salyut 7 iliyozima

Kwa wasioijua, Orbiter ni programu ya bure ya kuigiza safari za anga, kazi ya Martin Schweiger wa University College London. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2000, na mwaka 2021 msimbo wake ukaachiwa wazi, anayetaka auchezee. Usitegemee kukusanya pointi wala kupanda ngazi. Unapewa chombo, mafuta na sheria za Newton, basi, pambana na hali yako.

Mimi kilichonivuta ni vituo vya anga vya Wasovieti. Mir imo tayari ukishasakinisha, ila haipo pale ilipokuwa. Mir ya kweli ilizunguka kwa mwinamo wa digrii 51.6 kutoka ikweta mpaka ilipoangushwa Pasifiki tarehe 23 Machi 2001. Hii ya Orbiter inafuata bapa la mzunguko wa Dunia kulizunguka Jua, ili iwe mahali pazuri pa kuanzia safari za kwenda sayari nyingine. Mpenda historia itabidi aihamishe mwenyewe. Humo humo kuna kihariri cha matukio: chagua kipimo cha ikweta badala ya ekliptiki (ndilo hilo bapa la Dunia na Jua), andika 51.6, imekwisha. Usipobadili kipimo, namba itakuwa sahihi na obiti itakuwa ya ajabu.

Salyut ndizo haziji na programu. Unapakua vifurushi vilivyotengenezwa na wapenzi wa mambo haya, na humo kuna mazuri na mabovu. Kimoja nilichopata, paneli za sola zinapenya ukuta wa kituo; kingine kimechongwa mpaka vishikizo vya nje ambavyo wanaanga hushika wakitoka. Havili bando sana. Kinacholila ni picha za kina za uso wa Dunia, na hizo si lazima. Laptopu yangu haina kadi ya michoro ya maana na inaendesha bila kukoroma.

Tukio ninalolirudia kuliko yote ni la Juni 1985. Salyut 7 ilirushwa Aprili 1982. Februari 1985, ikiwa haina mtu ndani, mawasiliano yakakatika na umeme ukazima. Tarehe 6 Juni Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh wakapanda chombo cha Soyuz T-13 kwenda kuifufua. Kuliandaa tukio hili ni rahisi mno, kwa sababu faili lake ni maandishi matupu yanayofunguka kwa Notepad. Juu kuna tarehe kwa hesabu ya siku ya wanaastronomia. Andika MJD 46224, umefika 8 Juni 1985. Shuka mpaka kwenye kituo utafute mstari unaoanza na XPDR na mwingine unaoanza na IDS. Wa kwanza ni redio inayokitambulisha kituo, wa pili ni mawimbi yanayokuongoza mpaka mlangoni. Futa yote miwili, hifadhi, fungua.

Kituo kimekuwa bubu. Skrini ya kutia nanga, yaani ya kuunganisha chombo na kituo, ambayo kwa kawaida inakuchorea msalaba na kukupa umbali na kasi, haina la kukuambia. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa: Soyuz zilizoea kuongozwa na mfumo wa Igla, na Igla ilihitaji kituo kijibu. Salyut 7 haikujibu. Vipimo vya ardhini viliwafikisha karibu, kisha Dzhanibekov akamalizia kwa mkono, umbali ukipimwa kwa kifaa cha leza cha kushika mkononi. Mimi sina hata hiyo leza. Nakadiria kwa jinsi kituo kinavyojaza dirisha, na kila nikidhani nimesimama, bado kinakua. Nagusa kitufe cha kurudi nyuma, kinapungua. Nasahihisha kushoto, natelezea juu. Ukitaka kujitesa zaidi, ongeza mstari wa VROT wenye namba ndogo, kituo kianze kujizungusha polepole, kisha tuonane mafuta yakiisha.

Ukishaungana, hadithi inakatika. Wenzetu ndio kwanza walikuwa wanaanza: maji yameganda, baridi ya kuvaa kofia za sufu, betri zimekufa mpaka waziunge moja kwa moja na paneli za sola. Vifurushi nilivyo navyo haviniingizi humo. Tena kwenye Orbiter vyombo havigongani, vinapenyana kama mizimu, kwa hiyo hata ajali ya chombo cha mizigo Progress M-34 kuigonga Spektr, sehemu ya Mir, tarehe 25 Juni 1997 utaiona kwa macho tu, bila madhara yoyote. Hofu nusu inaondoka hapo. Kuna nyingine sijaigiza na sitaigiza: Soyuz 11, iliyowaua Dobrovolsky, Volkov na Patsayev wakirudi kutoka Salyut 1 mwaka 1971, baada ya vali kufunguka na hewa kuwaishia.

Ukiiweza Salyut 7, jaribu Soyuz T-15 ya mwaka 1986. Kizim na Solovyov walitoka Mir wakaenda Salyut 7, wakafanya kazi, wakarudi Mir, safari pekee ya watu kati ya vituo viwili ya kwenda na kurudi. Iliwezekana kwa sababu obiti zote mbili zilikaribiana mno. Weka tofauti ya digrii 1 tu kati ya bapa zao uone: kwa kasi ya kilomita 7.7 kwa sekunda, kusahihisha digrii hiyo kunakula kama mita 134 kwa sekunda za uwezo wa injini, na Soyuz haina akiba ya kuchezea. Skrini ya kulinganisha bapa itakuonyesha namba, mafuta yatakuonyesha ukweli.

Kabla hujapakua, angalia kibodi yako. Orbiter ni ya Windows na uendeshaji wote unategemea vitufe vya namba vya upande wa kulia. Alama ya mgawanyo pale ndiyo inayokubadilishia kati ya kugeuza chombo na kukisogeza. Laptopu nyingi ndogo hazina vitufe hivyo. Nilinunua vile vya kuchomeka kwa USB, vya bei poa, na kutia nanga kukawa kazi inayofanyika.