Kisanduku cha kufuli tatu: tathmini ya kikundi cha hisa kwa familia inayodunduliza nauli

Familia ya watu wazima wawili na watoto wawili inayotaka kuondoka Kigoma na kusafiri kwa miezi mitatu mfululizo inahitaji, kabla ya ramani na mabegi, mahali pa kuweka fedha ambapo mkono wake wenyewe haufiki. Hicho ndicho kigezo ninachokitumia katika tathmini hii ya kikundi cha kuweka na kukopa tulichojiunga nacho hapa Mwanga, mjini Kigoma. Kwa kigezo hicho kikundi kinakishinda kibubu na kinaishinda akaunti ya simu, ingawa kina masharti ambayo familia isipoyasoma mapema itafikiwa na siku ya safari huku fedha zake zikiwa bado zimefungwa.

Utaratibu wake unafahamika kwa wengi, kwa kuwa ni ule uliobuniwa nchini Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE na kuenea baadaye katika nchi nyingi za Afrika. Wanachama, ambao kwa kawaida huwa kati ya 15 na 30, hukutana kila wiki na kila mmoja hununua hisa kuanzia moja hadi tano, kwa bei waliyokubaliana mwanzoni mwa mzunguko na ambayo haibadiliki hadi mwisho. Hisa hupigwa muhuri katika kijitabu cha mwanachama, fedha huhesabiwa mbele ya wote, kisha huingizwa kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, wala si kwa mweka hazina anayelala na kisanduku nyumbani kwake. Pembeni kuna mchango wa jamii, ambao haurudi kwa mwanachama bali husaidia wakati wa ugonjwa na msiba. Katika kikundi chetu hisa moja ni shilingi 5,000 na jamii ni shilingi 1,000 kwa kila kikao.

Kibubu nakitaja kwa ufupi. Fundi seremala hukichonga kwa bei ndogo, hakina vikao, hakina faini, na kwa mtu anayeishi peke yake chaweza kutosha. Kwenye nyumba yenye watoto na wageni kibubu huvunjwa mara ya kwanza ada ya mtihani inapodaiwa, na hakuna wa kuuliza. Akaunti ya simu ni salama zaidi dhidi ya mwizi, lakini haimlindi mwenye fedha dhidi yake mwenyewe, kwa sababu wakala yuko kila kona ya barabara ya Ujiji, na mtu hutoa elfu kumi saa tatu usiku kwa jambo ambalo asubuhi angeliona si la lazima.

Ubora wa kikundi, kwa familia inayobana matumizi, uko katika jambo ambalo vipeperushi havilisemi: kinaipa kila nafuu ndogo mahali pa kwenda ndani ya wiki ileile. Kubana matumizi bila mahali pa kupeleka kilichobanwa ni kazi bure, kwani shilingi iliyookolewa kwenye mkaa huliwa kwenye soda kabla ya Ijumaa. Sisi dagaa tunawafuata kwenye mwalo wa Kibirizi wakati wa giza, siku ambazo mitumbwi hutoka na taa na mzigo huwa mwingi. Mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika na bei hupanda, kwa hiyo tunanunua wa kutosha, tunawaanika tena uani, na tunapita kipindi cha mwezi mkubwa bila kurudi sokoni. Mawese tunanunua kwa dumu la lita 20 na kugawana nusu kwa nusu na jirani badala ya kupimiwa kwa chupa dukani. Unga wa muhogo umechukua nafasi ya sembe siku nyingi za wiki, jambo ambalo mama mkwe, aliyekulia Kasulu, analiona kuwa ni kurudi kwenye akili zetu na wala si kubana chochote. Mkaa tunanunua kwa gunia. Safari fupi za mjini tunakwenda kwa miguu, na bodaboda imebaki kwa mgonjwa na mvua.

Tofauti inayopatikana kwenye kila kimojawapo huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni, na siku ya kikao hugeuzwa kuwa hisa. Kijana wetu mkubwa, aliye darasa la saba, siku hizi hapimi tena vitu kwa shilingi. Akiona viatu anauliza ni hisa ngapi, na akiambiwa nne huwa anaviacha mwenyewe bila kuhubiriwa. Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu anayenunua hisa tatu kila wiki kwa bei yetu anakuwa ameweka shilingi 750,000 baada ya wiki 50, na kwa kuwa mimi na mwenzangu tuna vijitabu viwili tofauti, jumla yake ni shilingi 1,500,000 kabla ya kuongeza chochote kinachotokana na mikopo. Kwa anayepanda ndege hicho si kiasi kikubwa, lakini kwa anayepanda treni na kulala kwa ndugu kinabeba sehemu kubwa ya safari.

Sehemu inayohitaji umakini kuliko zote ni kalenda. Vikundi vingi vya mjini huvunja kisanduku, yaani hufunga mzunguko na kugawana fedha zote, Desemba, kwa sababu wanachama wanataka fedha za sikukuu na za kufungulia shule mwezi Januari. Kwa familia yetu Desemba haifai hata kidogo. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari, na mwanya huo ndio pekee ambao mtoto wa umri huo anaweza kuzunguka nchi bila kukosa hata kipindi kimoja. Mdogo wake hajaanza shule. Ndiyo maana tulikiacha kikundi kilichokuwa karibu zaidi na nyumbani, chenye watu tunaowafahamu vizuri, tukajiunga na hiki ambacho wanachama wake wengi wana mashamba na hugawana mwishoni mwa Septemba ili wapate mbegu na mbolea kabla mvua hazijashika. Anayetafuta kikundi kwa ajili ya safari aulize tarehe ya mgao kabla ya kuuliza bei ya hisa. Katiba ya kikundi chetu inasema wazi kwamba anayejitoa katikati ya mzunguko hurudishiwa thamani ya hisa zake tu, bila faida, tena baada ya kikao kuridhia.

Kuhusu mikopo nina mashaka, na sitayaficha. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, na marejesho hayazidi miezi mitatu. Riba hiyo ndiyo faida inayogawanywa mwishoni, maana yake ni kwamba nyongeza ninayoipata mimi nisiyekopa hutoka mfukoni mwa mama anayeuza samaki aina ya migebuka sokoni. Mwenyekiti, mama mwenye busara na sauti isiyopandishwa, hutukumbusha mara kwa mara kwamba asiyekopa hakijengi kikundi, na katika vikundi vingine mwanachama hulazimishwa kukopa hata kama hana pa kuipeleka fedha. Hapa hakuna kulazimishwa, lakini kuna kutazamwa. Familia yenye lengo la safari isikope, wala isihesabu faida ndani ya bajeti yake. Ikija, iwe ni ziada.

Kipimo kikubwa cha uimara kilikuja mwaka 2024, Serikali iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Wenzetu wanaoishi kwa biashara ya dagaa walishuka kutoka hisa tano hadi moja, na wengine walihudhuria wakiwa na fedha ya jamii peke yake. Utaratibu unaoruhusu kununua kidogo bila aibu uliwabakiza ndani. Upatu, ambao kila mmoja hutakiwa kutoa kiasi kilekile bila kujali wiki yake imekuwaje, ungevunjika katika miezi ile.

Kasoro zipo. Kikao kinachotangazwa kuanza saa tisa alasiri huanza karibu na saa kumi, huku faini ya kuchelewa ikiwapata wale wasio na ujirani na katibu. Kuhesabu mihuri ya watu wote kunachosha, na kwa familia inayoishi kwa cherehani, kama yetu, alasiri moja kila wiki ni nguo ambazo hazikushonwa. Kasoro kubwa zaidi ni siku ya mgao yenyewe, kwa sababu mtaa mzima unajua kwamba jioni hiyo kuna nyumba zenye fedha taslimu. Sisi huondoka kikaoni moja kwa moja kwenda kuziweka benki, na sehemu ya nauli hulipwa siku ileile ili isipate nafasi ya kubadilishiwa matumizi.

Kwa anayetaka kujua fedha hizo zinakwenda wapi: tutapanda treni ya reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914, hadi Tabora, tutakaa kwa shemeji kwa muda, kisha Mwanza, na baadaye kurudi kwenye njia kuu hadi Dodoma. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam watoto wataonja treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kwenye njia hiyo mwaka 2024, ambayo ndiyo anasa pekee iliyopita kwenye bajeti bila ubishi. Tanga na Pangani zitategemea kitakachobaki.

Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, omba kuonyeshwa cheti cha usajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya aina hii katika daraja la nne, na usajili wake hufanyika kupitia halmashauri, kwa hiyo kikundi kisicho na cheti hakina kisingizio. Chetu hupokea wanachama wapya mwanzoni mwa mzunguko tu, katika vikao vya kwanza vya Oktoba, na mgeni huhitaji wadhamini wawili walio ndani tayari. Atakayekuja Novemba ataambiwa asubiri mwaka, na mwenyekiti hatalegeza.