Makumbusho ya Karen Blixen, Nairobi: nyumba ya mlowezi iliyotunzwa

Nyumba hii ya mawe isiyo na ghorofa, iliyoezekwa kwa vigae vyekundu na kuelekea vilima vya Ngong, ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Mwaka 1917 ilinunuliwa na Karen Blixen na mumewe, ambaye baadaye waliachana. Mwandishi huyo wa Kidenmaki aliishi humo hadi 1931, shamba la kahawa liliposhindwa kujiendesha. Miinuko ile ina baridi mno kwa mibuni, na bei ya kahawa duniani nayo ilianguka.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi nyumba ilivyonusurika. Serikali ya Denmaki iliinunua na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru, ikatumika kama chuo cha lishe, kisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaifungua kwa umma mwaka 1986. Baadhi ya samani ambazo Blixen alimuuzia Lady McMillan, mlowezi mwenzake, wakati Blixen alipoondoka zimerudishwa vyumbani, na kwa maoni yangu hizo ndizo zinazostahili kutazamwa bila haraka, kwani zinakaa pale zilipokaa zamani.

Ninashauri mgeni amwombe mwelekezaji azungumzie pia Wakikuyu waliokuwa maskwota katika shamba hilo, yaani walioruhusiwa kuishi na kulima hapo kwa malipo ya kazi, na waliochuma kahawa yake. Mashine za kahawa zilizo nje (watoto huzipenda kuliko vyumba vyote) zinaanzisha mazungumzo hayo vizuri. Nendeni asubuhi, kabla mawingu hayajavifunika vilima.