Mercedes S-Class ya W220: shokapu za hewa au springi za chuma?

Gari likilala upande mmoja usiku, usikimbilie kununua kompresa (pampu inayojaza hewa kwenye shokapu). Mara nyingi kinachovuja ni mpira wa shokapu ya hewa. Kompresa huungua baadaye kwa kufanya kazi bila kupumzika. Gari likiwa limenyanyuka, pulizia maji ya sabuni kwenye mikunjo ya mpira na maungio ya paipu, uone mapovu yanatokea wapi. Usiingie chini bila stendi: hewa ikitoka, bodi inashuka ghafla. Ukibadili kompresa, badili na rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima), kwani rilei iliyoganda huiacha ikizunguka hadi iungue.

Springi za chuma ni nafuu, hazivuji, na fundi wa kawaida anazifunga. Ila unapoteza swichi ya kunyanyua gari, ambayo masika ya Dar inakufaa sana, na ule ulaini kwenye matuta. Taa ya onyo nayo itabaki kwenye dashibodi usipofunga kifaa cha kuizima. Usichanganye hewa mbele na chuma nyuma.

Imechoka shokapu moja au mbili? Baki na hewa. Zote nne pamoja na kompresa? Hapo springi zina hoja.