TAHADHARI: Riale za Maria Theresa zenye muhuri wa PM, nimepigwa laki saba

Wadau wa sarafu za zamani kaeni macho, kuna jamaa anauza riale za Maria Theresa (zile sarafu za fedha za Austria zenye sura ya malkia huyo) zimegongwa muhuri wa PM, ule wenye taji juu ya herufi. Mimi kanila laki saba kwa vipande viwili, na nakusanya sarafu mwaka wa kumi huu, kwa hiyo msiseme wanaoliwa ni wageni tu.

Stori yake tamu: babu alikuwa nahodha wa jahazi, Kilwa na Ibo ya Msumbiji kila msimu, msiba umeisha juzi ndo sanduku limefunguliwa. Na inaingia akilini, maana Wareno kule Msumbiji mwaka 1889 kweli waligonga PM juu ya riale na rupia za India, yaani pesa ya nje wanaitia alama yao. Nikaomba picha ya upande wa pili akanirudishia ya mbele ile ile, nikaomba video akasema kuna Mzungu yuko njiani anazitaka zote, basi tamaa ikanipanda nikatuma hela kwa simu, mzigo ukaja na basi.

Nikapima, kila kimoja gramu 27.9, sawa na riale halali. Sumaku haishiki, maandishi ya ukingoni yapo yamenyanyuka vizuri. Nikalala usingizi wa raha kabisa.

Wiki mbili baadae niko Unguja nikampelekea mzee mmoja sonara pale Mji Mkongwe, wao riale wanazijua maana walikuwa wanaziyeyusha kutengeneza bangili. Hata mzani hakushika. Akaweka lenzi akacheka, akanambia "mwanangu, tazama mikwaruzo." Kuna mkwaruzo mrefu unatoka begani kwa malkia unakuja mpaka kwenye muhuri, hapo unakatika, ndani ya muhuri hamna kitu, hata kamstari kamoja! Malkia kasagika mpaka pua haionekani lakini lile taji la muhuri kali kama limegongwa asubuhi. Sasa muhuri wa 1889 ungekuwa umezunguka mikononi mwa watu pamoja na riale, nao ungechakaa. Ule weusi ndani nao ni dawa, kausugua kwa ndimu ukatoka.

Kwa hiyo muelewe, riale yenyewe ni halali, ni fedha. Feki ni muhuri, ndo maana mzani na sumaku havikusaidii chochote. Na msidanganyike na mwaka 1780, zote zimeandikwa hivyo, Vienna wanazigonga mpaka leo na mwaka hawabadilishi. Jamaa ananunua za kawaida bei ya madini, anapiga chuma chake, anauza mara tatu ya bei.

Nilipomtafuta jamaa akasema eti mimi ndo nimebadilisha mzigo, kisha akanibloku. Sasa hivi kaja na namba nyingine, anauza zenye muhuri wa Kiarabu wa Hijaz (na huo feki zake zimejaa kila kona hata bila yeye), picha kapiga juu ya kile kile kitenge cha njano chenye kuungua kwa pasi pembeni. Ukikiona hicho kitenge pita.

Zangu bado ninazo. Sonara kanipa bei ya fedha tu, nimemwambia asubiri kwanza hasira zishuke.