Tiki ya kijani iliyonipotezea siku tatu

Nimeitumia programu hii ya kuchorea saketi karibu mwaka mzima na sikuwahi kuisema vibaya. Leo naandika nikiwa na hasira na sitaficha. Jina la kampuni silitaji, wala la wakala aliyeniuzia hapa Dar, ila mwenyewe akisoma atajijua.

Natengeneza vidhibiti vya pampu ndogo za maji za sola, zile za volti 12. Kabla ya kuchomelea chochote napitisha saketi kwenye simulesheni, maana transista ikiungua kwenye kompyuta sipotezi kitu, lakini ikiungua mezani narudi Kariakoo na hela nyingine mkononi. Ndiyo sababu nililipia programu badala ya kuendelea kubahatisha.

Kwenye hifadhidata yake kila kifaa kina alama ya kuchorea, kina futiprinti, yaani ramani ya mahali miguu yake inapokaa kwenye bodi, na kina nafasi ya kuweka modeli, yaani maelezo ya tabia yake ambayo simulesheni inayapigia hesabu. Transista niliyoitaka ni IRLZ44N, ya aina ya MOSFET: ina miguu mitatu, geti ya kuiwasha, dreni mkondo unapoingilia na sosi unapotokea. Alama ilikuwepo, futiprinti ilikuwepo, modeli haikuwepo. Faili la modeli nilikuwa nalo, maandishi tu ya SPICE, programu kongwe ya kuigiza saketi. Nikafungua dirisha la kuongeza modeli, nikalichagua faili, programu ikalisoma na kunipa jedwali: pini (mguu wa kifaa) 1 kwa nodi (kiungo cha modeli) 1, pini 2 kwa nodi 2, pini 3 kwa nodi 3. Kila mstari una tiki ya kijani pembeni, na juu pameandikwa kuwa modeli iko tayari. Nikahifadhi.

Mota haikuzunguka. Kwenye simulesheni mkondo wake ulilala kwenye sifuri, haukunyanyuka hata kidogo. Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu, grafu imechorwa safi. Nikadhani kosa ni langu. Nikabadilisha rezista ya geti, nikahakiki diodi, nikarefusha palsi, ule umeme wa kuwasha na kuzima geti, nikaichora saketi nzima upya usiku. Siku tatu hizo. Mteja wa Bagamoyo anapiga simu, namwambia bado napima.

Siku ya tatu nikapima mahali ambapo kwa kawaida sihangaiki napo, mkondo unaoingia kwenye geti. Geti ya MOSFET ikishatulia haipitishi mkondo wa maana, imetengwa na tabaka la oksidi. Mimi nikaona karibu miliampia 50 zinapita pale muda wote palsi ikiwa juu! Volti 5 za palsi ugawe kwa rezista yangu ya omu 100, unapata miliampia 50. Yaani upande wa pili wa rezista ulikuwa umeshuka ardhini, yaani upande wa hasi, moja kwa moja.

Nikalifungua faili lenyewe. Mistari ya juu, ile inayoanza na kinyota, inasema wazi: nodi 1 ni dreni, nodi 2 ni geti, nodi 3 ni sosi. Sasa ishike transista mkononi, maandishi yakutazame, miguu iwe chini, uhesabu kutoka kushoto: geti, dreni, sosi. Programu ilikuwa imepachika geti yangu kwenye dreni ya modeli, na dreni yangu kwenye geti. Volti 12 zikapita kwenye mota na kuishia kwenye geti, transista ikawaka moja kwa moja, ikawa kazi yake ni kuzika palsi yangu ardhini. Simulesheni ilipiga hesabu sahihi kabisa, za saketi ambayo sikuichora.

Asili yake naijua. SPICE ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, na hadi leo inaziunganisha nodi za modeli kwa mpangilio tu, haijui majina ya miguu wala umbo la kifaa. Ni SPICE hiyo hiyo ambayo M baada ya namba ni mili, sehemu ya elfu, na ukitaka mega, yaani milioni, uandike MEG. Hayo ni ya urithi, siwadai. Ninawadai ile tiki. Mtu akikuwekea tiki amekuambia nimekagua, endelea. Hapa hakuna aliyekagua chochote. Namba zimelingana, basi. Wangeacha jedwali tupu nijaze mwenyewe, ningesoma faili siku ya kwanza.

Nikampigia wakala, kwa upole kabisa, habari za kazi kaka, nikaanza kumweleza. Hakuniacha nimalize. "Bosi, programu hii wanaitumia mainjinia dunia nzima, hawajalalamika. Kwani wewe ni injinia au fundi tu?"

Fundi tu! Nimetengeneza inveta na vidhibiti vya watu tangu sijaoa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, faili liko mbele yangu, nikusomee mistari minne?" Akasema modeli za nje si jukumu lao, kama sielewi nilipie mafunzo, bei atanitumia WhatsApp. Bei ikaja baada ya dakika mbili. Swali langu halijajibiwa mpaka leo.

Nilikaa chini nitoe nyota moja. Lakini niseme na hili, maana ni kweli. Kurekebisha kulichukua chini ya dakika. Kwenye lile lile jedwali unagusa nodi, unachagua nyingine, unahifadhi. Na kwa kuwa modeli inakaa kwenye hifadhidata, kila mchoro wa ofisini wenye transista ile ulinyooka papo hapo, hata wa kijana wangu ambaye hakujua kama kulikuwa na shida. Mkondo wa mota ukaanza kupanda taratibu, ukatulia, palsi ilipokatika ukazunguka kupitia diodi na kushuka. Nilipiga meza kwa furaha. Programu chache zingenipa raha ile, na nikawa nimeandika nyota nne.

Kisha nikasema ngoja nipitie modeli zote nilizowahi kuongeza. BC547, transista ya aina nyingine, iko sawa, kwa bahati tu: miguu yake ni kolekta, besi (ndiyo ya kuiwasha), emita, na SPICE inataka mpangilio huo huo. 2N3904 miguu yake ni emita, besi, kolekta. Ilikuwa imegeuzwa tangu nilipoiweka, na tiki tatu za kijani pembeni. Transista ya aina hiyo ikigeuzwa haifi, inafanya kazi kwa kuchechemea, ukuzaji unashuka sana, ndiyo maana sikushtuka. Mimi nikaamini ni dhaifu, nikapunguza rezista ya besi ili kuisukuma zaidi, na bodi zenye rezista ile nimeshauza. Ziko visimani kwa watu, zinakula umeme wa betri bila sababu.

Nyota nne nimezifuta. Nimeweka mbili, na zote ni za hifadhidata.

Juzi wakala amenitumia ujumbe wa kukumbusha malipo ya mwaka, kaniita mteja wetu mpendwa. Nimemrudishia ile mistari minne ya faili, kama ilivyo. Ameusoma. Hajajibu.