Tathmini: Huduma ya chanjo ya ndigana kali, Urambo

Tuliandikisha ndama 40, 14 wakiwa wangu na wengine wa majirani, wachanjwe dhidi ya ndigana kali, ugonjwa hatari wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, kwa sababu mrija mmoja wa chanjo hii hutosha ng'ombe 40 na ukishayeyushwa haurudishwi kwenye mtungi wa naitrojeni ya baridi kali unaoiweka ikiwa imeganda. Kazi yenyewe ilifanywa kwa ustadi. Kila ndama alizungushiwa utepe kifuani ili kukadiria uzito, akachomwa mililita moja chini ya ngozi karibu na tezi la sikio, kisha oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, ya kudumu muda mrefu kwenye msuli, na mwisho akavalishwa hereni. Mtaalamu hakubahatisha uzito kwa macho, nami namsifu kwa hilo, maana kinachochomwa ni vimelea hai vya Theileria parva, ndivyo vinavyoleta ndigana kali, vilivyopatikana kwa kusaga kupe, na ni dawa hiyo inayovizuia visimwangushe ndama wakati mwili wake ukijizoeza kupambana navyo.

Miezi minane imepita na hakuna aliyechanjwa aliyevimba matezi, dalili ya ndigana kali. Josho, hata hivyo, liendelee: chanjo hii haizuii ndigana baridi, mkojo mwekundu wala moyo kujaa maji.

Kasoro ilikuwa ya utaratibu. Mrija uliyeyushwa kabla wanyama wote hawajafika, na jirani aliyeswaga ndama 5 kutoka mbali akakuta muda wa kuitumia chanjo iliyoyeyushwa umekwisha. Fedha yake ilirudishwa baada ya wiki tatu za kupigiana simu.

Usumbufu huo ndio unaonifanya nifuatilie watafiti wanaosaka chanjo isiyohitaji vimelea hai, kwa msaada wa kompyuta. Tangu mwaka 2005 jeni za kimelea hiki, zipatazo 4,000, zimesomwa. Programu huzipepeta kutafuta protini zinazotolewa nje ya kimelea, kisha hukadiria vipande vitakavyonaswa na molekuli za ng'ombe na kuonyeshwa kwa chembe za kinga. Ugumu ni kwamba molekuli hizo hutofautiana kati ya ng'ombe na ng'ombe, hata ndani ya zizi moja. Upepetaji hupunguza pumba, lakini wali bado haujapikwa: hata p67, protini ya juu ya kimelea iliyochunguzwa kwa miaka mingi, imekinga baadhi tu ya ng'ombe katika majaribio.

Kwa sasa, basi, mtungi ndio tulio nao. Nimeshaandikisha ndama 9 wa msimu ujao, kwa sharti nililolidai kwa maandishi: mrija usiyeyushwe kabla hatujawahesabu wote zizini.