Visima viwili vya Mtakatifu Brigida: Liscannor au Kildare?

Ayalandi ina visima vitakatifu vingi, na kadhaa vina jina la Brigida, mtakatifu mlinzi wa nchi hiyo. Ukiwa na siku ya kimoja tu, utachagua kipi?

Kisima cha Liscannor, kaunti ya Clare, kiko karibu na majabali ya Moher. Unaingia kwenye kijia cha mawe kilichofunikwa, chenye unyevunyevu, na mwishoni unasikia maji. Kuta zimejaa rozari, sanamu, picha za marehemu na za watoto wagonjwa. Juu yake kuna makaburi ya kale. Watu huzunguka wakisali, kufuata mwendo wa jua. Humo ndani hata asiye Mkatoliki hupunguza sauti.

Kisimani mjini Kildare ni kweupe zaidi: bustani ndogo, sanamu ya shaba ya Brigida, mawe ya kusalia na mti uliofungwa vitambaa vya wenye haja. Uzito wake ni historia. Hapa ndipo Brigida alipoanzisha monasteri yake, na hapa ndipo panaposimuliwa kwamba mfalme alimwahidi ardhi itakayofunikwa na joho lake, joho likatanda uwanda mzima wa Curragh. Sikukuu yake, tarehe 1 Februari, huangukia siku ya Imbolc, mwanzo wa machipuko kwa Waselti, wakazi wa kale wa Ayalandi, waliokuwa na mungu wa kike mwenye jina hilohilo.

Anayetaka kumjua Brigida aende Kildare. Mwenye mgonjwa nyumbani, ningempeleka Liscannor.